Tabibu wa Saa Tisa

Neno lake la kwanza kwa mtoto halikuwa hujambo wala unaitwa nani. Lilikuwa "Fumba." Mtoto ameletwa kwa sababu kope zimemwangukia, mama yake ametoka mashambani alfajiri, wote wana hamu ya kuona macho yakifunguka, halafu yule mzee mfupi mwenye koti jeupe lililopauka anasema, "Fumba. Kaza. Kaza tena, kama umeingiwa na sabuni." Wengine walidhani hakusikia walichomweleza. Mimi nilidhani hivyo hivyo, nikamwambia kwa ile sauti ya ualimu ambayo mume wangu hunisihi kila siku niiache shuleni.

"Mwalimu," alinijibu, "kufungua jicho kila mtu anataka. Kufumba nani atakusemea?"

Watu wa Ifakara walimwita dokta, naye alikataa kila mara. "Mimi ni tabibu wa macho. Madaktari wako Dar es Salaam. Kazi yangu ni kujua nani apelekwe kwao, na lini." Basi nami nitamwita Tabibu. Habari za kuzaliwa kwake sizijui na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni alivyokuwa kazini na alivyokuwa akiniudhi, na kwa muda mrefu mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja.

Alikuwa na benchi lake pale hospitalini. Wagonjwa wengine aliwaona asubuhi, wazee wa mtoto wa jicho, wakulima waliochomwa na makapi ya mpunga, watoto wa macho mekundu. Ila watoto wenye kope zinazoanguka kwa sababu ya udhaifu fulani adimu wa misuli aliwaambia waje saa tisa alasiri. Kina mama walilalamika. Saa tisa gari za kurudi vijijini zinakuwa za taabu, na manesi wenzake wanataka kufunga vyumba. Hakujali. "Jicho la asubuhi ni mgeni aliyevaa nguo za kanisani," alisema. "Mimi nataka kumwona akiwa jikoni." Watoto wale asubuhi huamka macho yamefunguka vizuri, na kadiri siku inavyokwenda msuli huchoka na kope hushuka. Ukimpima asubuhi utaandika mzima. Kwa hiyo walikaa kwenye benchi la korido, wawili watatu kwa mwezi, wakimsubiri hadi wachoke.

Naye akisubiri alikula pepeta. Mfuko wa koti lake haukukosa pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa hadi ukawa bapa. Aliwafundisha kina mama kunawa mikono kabla ya kugusa macho ya mtoto, akasimamia hadi maji yawadondokee viwikoni, halafu yeye akatoa pepeta mfukoni pamoja na vumbi la pikipiki, akatafuna. Nilipomwambia, alisema tumbo si jicho.

Nilikutana naye kwa sababu ya kosa langu, na nitalisema wazi kwani nimeshalitubu mbele ya padri na mbele ya mwenyewe niliyemkosea.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu kule Mkula. Nilikuwa na msichana mmoja, Kabula, mtoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa bondeni. Wasichana wa Kisukuma wana adabu ya kusalimia ambayo sisi Wapogoro tunaisifu hata kama hatuisemi: hupiga magoti, macho chini, shikamoo inatoka taratibu. Kabula alipiga magoti vizuri kabisa. Ila kidevu chake kilikuwa juu. Aliniangalia kwa chini ya kope, kichwa kimerudi nyuma, kama mtu anayekuambia wewe ni nani hasa. Na kila ilipofika mchana alisinzia darasani, macho nusu, kidevu juu vile vile.

Nilimwonya mara ya kwanza. Mara ya pili nilimpigisha magoti juani mbele ya ofisi, nikamwambia akae hapo hadi kidevu kishuke. Alikaa. Kidevu hakikushuka. Jua lilivyozidi kuwa kali ndivyo kichwa kilivyozidi kwenda nyuma, nami niliapa kwamba kiburi cha namna ile sijakiona tangu nizaliwe.

Wiki chache baadaye Tabibu alikuja shuleni kupima watoto macho. Alifika kwa pikipiki iliyojaa matope, akawapanga uani, akawaonyesha ule ubao wa alama kwa umbali. Kabula alizitaja zote bila kosa, kidevu juu. Nikasema kwa sauti ili asikie, "Huyo haumwi. Huyo ana kiburi."

Tabibu aliacha kuandika. "Mwalimu, huyu mtoto anakusalimiaje?"

"Kama unavyomwona! Ananitazama kama mimi ndiye mwanafunzi wake."

Alirudi kuandika. Alimaliza darasa zima, akamaliza shule nzima, akakaa kwenye ngazi ya ofisi na pepeta yake. Watoto walikwenda nyumbani. Aliomba Kabula abaki nami nibaki. Nilikuwa na uji jikoni na sikuficha kwamba ananichelewesha. Saa tisa ilipofika alimwita mtoto ndani, akamwambia atazame juu ahesabu kenchi za paa bila kupepesa.

"Moja," Kabula alianza. "Mbili. Tatu."

Kope zilishuka mbele ya macho yangu. Hakuzishusha yeye. Zilishuka zenyewe, ya kushoto kwanza, na alipofika kenchi ya sita alikuwa anahesabu kwa kukisia. Tabibu akatoka hadi kwa mama anayeuza barafu za ukwaju barabarani, akarudi nazo mbili. Moja akampa Kabula anyonye. Ya pili akaizungushia kitambaa safi, akamwekea juu ya kope iliyofumba, akatazama saa yake kwa dakika mbili. Alipoiondoa na kumwambia afumbue, kope ile ilikuwa imepanda. Mboni nzima ilionekana. Kabula akaniangalia, kichwa kikiwa sawasawa, kidevu mahali pake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Baridi inausaidia msuli kidogo, kwa muda mfupi," Tabibu alisema. "Jua linauzidishia uchovu. Huyu hana kiburi, Mwalimu. Anakunja shingo ili akuone unapomjibu marahaba."

Nililia pale pale. Kabula alishtuka kuona mwalimu analia, akaninyooshea barafu yake.

Ningependa kusema kwamba kuanzia siku ile tulikuwa marafiki mimi na Tabibu. Hapana. Nilianza kumsumbua. Nilitaka mtoto apone haraka ili dhamiri yangu nayo ipone, na yeye hakuwa mtu wa haraka. Nilimpeleka Kabula na wazazi wake Ifakara, tukakaa kwenye lile benchi. Tabibu alijua salamu moja tu ya Kisukuma, nayo ni ya asubuhi, akaitumia saa tisa alasiri kwa fahari kubwa.

"Mwangaluka, mayu!"

Mama Kabula aliziba mdomo na khanga kwa kucheka. "Jua linazama wewe unaniamsha, dokta?"

"Tabibu," akasahihisha.

Aliuliza maswali ambayo hatukuyategemea. Mtoto anapaliwa akila? Akipanda kilima anahema namna gani? Jioni sauti yake inabadilika, inakuwa ya puani? Mama alikuwa akiitikia, na kila alipoitikia uso wake ulizidi kuingia woga. "Mimi nilijua anasinzia tu," alisema. "Tangu nikimnyonyesha, anasinzia na ziwa mdomoni. Nilisema nimezaa mtoto mpole."

Baba yake ndiye aliyetaka kuelewa. Tabibu akamvutia kiti. "Ukilima na maksai, asubuhi unamwita mara moja anageuka. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa chukulia ng'ombe ni mzima, na wewe ni mzima, lakini sauti yako inafika nusu. Mara ya kwanza anasikia. Mara ya kumi hasikii tena. Neva za Kabula zinaita, msuli wa kope unasikia nusu."

Baba akafikiri. "Basi nitapiga kelele zaidi."

"Umemaliza kazi yangu," Tabibu alisema, na sikumwona akifurahi hivyo mara nyingi. "Viko vidonge. Vidonge ndiyo kelele. Lakini lazima Dar es Salaam wathibitishe kwanza, maana magonjwa haya yana ndugu wengi, na dawa ya mmoja inaweza kumdhuru mwenzake."

Walikwenda, wakathibitisha, vidonge vikaanza. Kupaliwa kulipungua. Kabula alianza kukimbia na wenzake. Kope zilipanda, lakini si za kutosha, na mchana bado zilishuka. Ndipo Tabibu akamtengenezea miwani. Aliketi na koleo dogo, akapinda waya mwembamba nyuma ya fremu, akauvalisha mpira laini, waya ukawa unaiegemeza kope kwa ndani ya miwani kama kijiti kinavyoegemeza dirisha. Aliharibu fremu tatu. Aliitukana kila moja kwa Kipogoro akidhani hakuna anayesikia, hadi nilipomjibu kwa Kipogoro.

Sharti la miwani ile lilikuwa moja: kila kipindi kikiisha aivue, afumbe, ahesabu hadi ishirini, jicho lilowe. Siku za kwanza watoto walimcheka. Nikaamua darasa zima lifumbe naye. Kengele ikilia, watoto wote wa darasa la tatu wanafumba na kuhesabu, Kabula akiongoza. Mwalimu mkuu alipita dirishani akatukuta kimya, macho yote yamefumbwa, akavua kofia akasubiri tumalize sala.

Tabibu aliposikia habari hiyo alicheka hadi akakohoa pepeta. Halafu akasema, "Wewe si mbaya kama unavyoonekana," na hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kutoka kwake.

Sifa zake kwa watu zilikuwa haba. Woga wake alijaribu kuuficha, lakini bonde lote liliujua. Mtu huyu aliyechokonoa punje za mchanga kwenye macho ya watu bila mkono kutikisika aliogopa maji. Kabla daraja halijajengwa pale Kivukoni, alivuka mto Kilombero kwa pantoni kwenda kupima macho vijiji vya ng'ambo, na wavuvi bado wanasimulia alivyoshika nguzo kwa mikono miwili na kufumba macho tangu bati la pantoni linapoondoka nchi kavu hadi linapogusa tena. Walimtania, "Tabibu, fumba! Kaza!" Alikwenda hivyo hivyo kila mwezi, kwa miaka. Sijui kama ujasiri ni kitu kingine zaidi ya hicho.

Kisha tuligombana. Zilikuja habari kwamba madaktari wa upasuaji wanapita mkoani na wataona watoto wenye kope. Wazazi wa Kabula walifurahi, mimi nilifurahi kuliko wao. Nilikwenda Ifakara kuhakikisha jina lake limeandikwa. Halikuandikwa.

"Hajawa tayari," Tabibu alisema.

"Nani hajawa tayari, yeye au wewe?" Nilikuwa nimesimama kwenye korido, watu wananisikia, na sikujizuia. Nilimwambia amezoea kukaa na benchi lake na waya zake. Nilimwambia mtoto anakaribia kwenda sekondari na bado anavaa kijiti jichoni. Nilimwambia anaogopa upasuaji kama anavyoogopa maji. Hilo la mwisho nilijua ni baya hata kabla sijamaliza kulisema.

Alinipeleka chumbani, akafunga mlango. Hakukasirika.

"Kabla hujaanza kufundisha," alisema, "nilimpeleka mtoto mmoja wa kiume kama Kabula. Madaktari walimshona vizuri, wala hakuna aliyekosea. Kope zilipanda juu, mama yake alipiga vigelegele hapo nje. Lakini mtoto wa kawaida akilala, jicho lake linageuka kwenda juu, linajificha. La yule mtoto halikuweza, misuli ya jicho nayo ilikuwa dhaifu. Akawa analala macho wazi. Likakauka. Likapata kidonda kwenye kioo chake. Walipomrudisha kwangu lilikuwa na ukungu mweupe, halioni. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kumpeleka. Nilipima anavyofumbua, upana, urefu, kila kitu. Sikumwambia afumbe."

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Kabula atapasuliwa," aliendelea. "Vidonge vikishamkaza misuli ya kufumba. Na atainuliwa kidogo tu, mpaka hapa, ukingoni mwa mboni, si zaidi. Watu watasema bado anaonekana ana usingizi. Waseme."

Ilichukua miaka miwili zaidi. Kila miezi mitatu saa tisa, fumba, kaza, Tabibu akijaribu kuifungua kope kwa kidole na Kabula akishindana naye. Siku aliyoshindwa kuifungua, Tabibu alitazama kidole chake, akaenda mezani akaandika barua ya kurasa tatu kwa daktari wa Dar es Salaam. Mstari mmoja aliupigia wino chini mara mbili. Nilimwuliza unasemaje. "Unasema, mtoto huyu lazima aweze kufumba."

Barua ilikwenda, foleni ilikuwa ndefu, na kabla zamu ya Kabula haijafika Tabibu alistaafu. Alihamia Mlimba kulima mpunga. Kabula alifanyiwa upasuaji. Kope zake zilifungwa kwa uzi laini kwenye msuli wa paji la uso, ili akiinua nyusi na kope ziinuke. Bandeji zilipotoka nilimpigia Tabibu simu. Nilitegemea atafurahi. Alisema, "Usiniambie. Mlete baada ya mwaka, nimwone mwenyewe." Akakata.

Mwaka jana tulikwenda, mimi na Kabula, kwa treni. Yuko kidato cha nne sasa na amenipita urefu. Tulifika Mlimba saa nne asubuhi, tukaulizia nyumba ya tabibu wa macho, tukaonyeshwa. Alikuwa barazani anachagua mbegu kwenye ungo. Kabula alipiga magoti kwenye vumbi, kichwa chini kabisa, adabu ya kwao yote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Hakumtazama usoni. "Saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

"Haya. Kuna kinu kule nyuma, na mpunga umeshakaangwa. Twanga pepeta."

Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka ile korido, nikanyamaza. Ila niliudhika. Aliponisalimia alirudisha kichwa nyuma akaniangalia kwa juu, kidevu kimenielekea, nikajisemea moyoni kwamba kustaafu kumempa majivuno. Tulikaa. Aliongelea mvua, ndege waharibifu, bei ya mbolea, mapadri wa siku hizi wanaohubiri kwa ufupi. Kabula alitwanga, akapeta, akateka maji, akapika, akatuandalia. Tulikula. Mzee alisinzia kitini, akaamka, akaangalia saa, akasinzia tena. Ilikuwa siku ndefu kuliko siku ya kusubiri matokeo ya mtihani. Bonde la mpunga, Ifakara, Mkula, lile jua la mbele ya ofisi, yote nilikuwa nayo kifuani.

Saa tisa aliinuka, akanawa mikono hadi viwikoni. Akachukua tochi ndogo.

"Njoo hapa kwenye mwanga. Fumba."

Kabula alifumba. Tabibu aliinama, akamulika pale kope mbili zinapokutana, kutoka kona hadi kona, jicho la kulia, jicho la kushoto. Akarudia. Hapakuwa na weupe uliochungulia.

"Kaza." Akajaribu kuifungua kwa kidole. Kope ilimkatalia.

"Ukilala?"

"Mama anasema inabaki uwazi mdogo, kama uzi. Napaka ile dawa ya kulainisha."

"Kila siku?"

"Kila siku, babu."

"Fumbua."

Alifumbua. Saa tisa alasiri, baada ya kutwanga, kuteka maji na kupika, kope za Kabula zilisimama ukingoni mwa mboni, ya kushoto chini kidogo kuliko ya kulia, na kidevu chake kilikuwa mahali pake. Mzee alizima tochi. Alijifuta uso kwa mkono ule ule aliounawa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kabla yake.

Kabula peke yake ndiye hakulia. Alikuwa anamwangalia mzee kwa namna ya ajabu.

"Babu," alisema, "mbona kidevu chako kiko juu?"

"Ah, uzee. Ngozi ya kope imelegea. Si kitu."

"Umekwenda hospitali?"

"Nitakwenda, baada ya mavuno."

Tangu asubuhi nilikuwa nimekaa na mtu anayekunja shingo ili anione, nami nikamwita mwenye majivuno, kosa lile lile kwa mara ya pili. Kabula hakunitazama. Alivuta kigoda, akakiweka kwenye mwanga, akamkalisha mzee kwa kumshika bega, akaichukua tochi mkononi mwake.

"Ngoja basi nimalize kukupima wewe, nimwandikie barua yule daktari," Tabibu alianza, akitaka kusimama, "nimweleze kwamba upana wa—"

"Fumba kwanza, babu," Kabula alisema.

Akafumba.